Flashi ya zilipendwa za disko, shilingi 800

Kijana aliyenijazia flashi hii alizaliwa mwaka ambao mie, nikiwa DJ, nilikuwa nikipiga wimbo wa Aserejé mara tatu kwa usiku mmoja. Mwenyewe alinambia: 2002. Nilipomwomba nyimbo za dansi za Ulaya, kuanzia 2000 hadi 2009, alitazama skrini, akakuna kidevu, akauliza, "Yaani zilipendwa, ami?"

Zilipendwa! Kwangu zilipendwa ni Fadhili William na Daudi Kabaka, ni marehemu baba na redio yake ya betri sita barazani. Lakini nikapiga hesabu pale pale juu ya kreti ya soda niliyokalishwa, nikaona kijana ana haki yake. Nikasema ndiyo, zilipendwa, tia.

Kibanda chenyewe ni cha mabati, njia ya kuingilia soko hapa Malindi. Kompyuta moja, feni moja, karatasi ya bei imebandikwa kwa gundi ya ugali. Flashi ya GB 8 ni 500, nyimbo 100 ni 300. Jumla 800, na nusu saa ya kungoja. Najua kwamba katika hizo 800 hakuna hata senti itakayofika Paris wala Venezia kwa wenye nyimbo. Nalisema mapema ili nisikumbushwe.

Sasa kwa nini tuktuk yangu inataka nyimbo hizi. Kabla ya kuendesha abiria nilikuwa DJ. Hoteli moja ya Waitaliano, upande wa Casuarina, tangu 2000 hadi Januari 2008, wageni walipoondoka kwa ajili ya vurugu za uchaguzi nasi tukapewa likizo ambayo mpaka leo haijesha. Ndege za kukodi zilitoka Milano zikashuka Mombasa, mabasi yakawaleta watu wakiwa bado na makoti mkononi. Baada ya chakula ilikuwa zamu ya animazione, wale vijana wa kuchezesha wageni michezo na maigizo, kisha saa tano usiku mie. Intaneti ilikuwa ya kulipia kwa dakika, kwa hivyo muziki mpya ulikuja ndani ya masanduku ya wageni. Mtu akifurahi, badala ya bakshishi ananiachia CD yake, aghalabu zile za mkusanyiko wa Hit Mania zilizokuwa kila duka kwao. Wenzangu baani walinionea huruma. Mie nilijua nimelipwa.

Ndiyo maana nilipochomeka flashi asubuhi yake, nikiwa naelekea Maweni na abiria wawili, niliisikiliza kama fundi anayekagua ukuta wa fundi mwenziwe.

Kwanza mpangilio. Kijana kazipanga kwa alfabeti, sijui kwa nini, labda kompyuta ndiyo iliyotaka. One More Time ya Daft Punk inakwenda mapigo 123 kwa dakika, L'amour toujours ya Gigi D'Agostino 139. Mashine zetu za CD zilikuwa na asilimia 10 tu ya kuongeza au kupunguza mwendo; hata ukiisukuma hiyo ya kwanza mpaka mwisho haimfikii Gigi. Usiku wa kazi ningehitaji nyimbo nne tano kupanda kutoka huku hadi kule, na hakuna ambaye angegundua amepandishwa. Flashi inakurusha tu. Ni kama dereva anayebadilisha gia bila klachi.

Pili, kuna wageni wasioalikwa. Wimbo wa mwimbaji Corona ni wa 1993, wa Gala ni wa 1996. Nawapenda wote wawili, lakini niliomba kuanzia 2000. Nilihesabu 14 wa namna hiyo katika 100. Na faili lililoandikwa Darude, yule DJ wa Ufini, si Darude kabisa, ni mtu anacheza kinanda.

Tatu, sauti. Mafaili mengi yamebanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde, sauti imepungua, matoazi yanalia kama dagaa ndani ya mafuta. Kwenye spika za tuktuk, barabarani, husikii tofauti. Ukisimama kwenye foleni ya petroli, injini ukazima, unasikia.

Kosa moja nalisifu. Dragostea din tei imeandikwa O-Zone, wale vijana watatu wa Moldova walioitoa 2003, lakini anayeimba ni mwanamke. Ni Haiducii, Mromania aliyeurudia wimbo ule, na toleo lake ndilo lililokwenda namba moja Italia 2004. Kwa hivyo kwetu Malindi wimbo ulikuwa wa Haiducii. O-Zone tuliwasikia baadaye tukadhani wao ndio wanaiga.

Uchaguzi wenyewe, ukiondoa hayo, ni mzuri kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa umri ule. Groovejet ya Spiller ipo, ile ya Agosti 2000 iliyomzuia Victoria Beckham asishike namba moja Uingereza. Lady ya Modjo ipo, gita lake limekatwa kutoka kwa wimbo wa 1982 wa kundi la Chic. Call on Me ya Eric Prydz ipo, Msweden aliyechukua kipande cha wimbo wa mwimbaji Mwingereza Steve Winwood, na Winwood alipokisikia akakubali kuimba upya mwenyewe. Wazee wangu walikuwa wakisema muziki huu ni wizi mtupu, wimbo mzima umejengwa juu ya sekunde nne za mtu mwingine. Mie nasema mtafute aliyejua ni sekunde zipi. DJ Roger Sanchez alisikiliza wimbo mzima wa kundi la Toto, wimbo wa polepole wa mtu anayeachwa, akaona kuna mstari mmoja tu wa kuurudia mpaka mtu ajisikie kucheza na kulia kwa wakati mmoja. Another Chance, 2001. Niliipiga kila usiku wa mwisho wa kundi, mabasi yakiwa yameshapangwa saa kumi alfajiri.

Satisfaction ya Benny Benassi ipo pia, lakini hiyo sina la kusema juu yake. Sauti za kompyuta mbili zinaamrishana. Ilijaza uwanja, basi.

Safri Duo nilisahau kumwomba, kijana kamtia mwenyewe. Ni Wadenmaki wawili waliosomea ngoma za okestra, wakatoa wimbo wa ngoma tupu mwaka 2000, na kwenye jina wakatia "Bongo". Hotelini tulikuwa na wachezaji wa Kigiriama waliokuja kila Jumatano. Usiku mmoja niliwaambia wabaki, nikaweka wimbo ule, wakaketi nyuma yangu wakapiga juu yake. Wageni walipanda viti. Tulipomaliza nikamuuliza mzee wao ameionaje. Alikuwa akijifuta uso kwa kanga. "Nzuri," akasema, "ila haina jasho." Nimeusikia wimbo huo mara mia tangu siku hiyo na kila mara namsikia yeye.

Sasa niseme lililoniudhi hasa. Karibu nyimbo zote ni toleo la redio. Dakika tatu na nusu, sauti ya mwimbaji inaingia kabla hujakaa sawa.

Asiyewahi kusimama nyuma ya mashine hataelewa hasara hii. Toleo la klabu linaanza kwa ngoma peke yake, labda dakika nzima. Kisha matoazi. Kisha besi inachungulia na kurudi ndani. Ukilisikiliza nyumbani utasema huyu anachelewesha nini? Lakini dakika ile ndiyo kazi yangu yote. Ndipo wimbo mpya unapopitishwa chini ya ule wa zamani, taratibu, kama mtu anayebadilisha shuka na mgonjwa bado kalala. Na upande wa pili, ndipo watu wanapoamua. Nilikuwa nawaona kutoka kule juu: mama wa Kiitaliano kaketi, miguu imechoka na jua. Ngoma imeanza, hajui wimbo gani. Kidole kinagonga bilauri. Besi inachungulia, anamtazama mumewe. Sauti ya mwimbaji inapoingia yeye kishasimama, na atakwambia kasimama kwa ajili ya mwimbaji. Si kweli. Alisimama zamani.

One More Time ina jambo jingine, hilo kwa bahati halikukatwa lote. Katikati ngoma zinaondoka kabisa, anabaki mwimbaji Romanthony na mawimbi ya kinanda, kwa muda mrefu kupita adabu. Mara ya kwanza niliyoipiga nilishika kitufe nikidhani CD imeharibika. Na usiku mmoja, hapo hapo penye utupu, umeme ukakatika. Giza. Mie moyo umedondoka. Lakini watu hawakujua! Walidhani ni sehemu ya wimbo, maana tayari ngoma zilikuwa zimeondoka na taa zilikuwa zimefifizwa. Wakaendelea kuimba wenyewe gizani, wanapiga makofi, huku askari anakimbilia jenereta na kandambili moja. Jenereta likashika, mashine ikasoma CD upya tangu mwanzo, ngoma zikarudi kwa kishindo, na uwanja mzima ukapiga kelele. Mpishi mkuu alikuja kunishika mkono. Alitaka kujua nilijifunza wapi mbinu ile. Nikamwambia ni siri ya kazi.

Kwa hivyo kwa toleo za redio nilikuwa tayari kumpa kijana alama mbili kwa tano na kumrudishia flashi yake.

Wiki ikapita. Jumatano moja mchana, hakuna abiria, nimeegesha Silversand chini ya mvinje, Love Generation inapiga. Ya Bob Sinclar, 2005, yule Mjamaika Gary Pine anaimba, ile ya mbinja. Nikaiacha. Ikafika mwisho, ikaisha, kimya, ikaanza nyingine. Nikakaa nikijiuliza kitu gani kimenishtua. Ni kwamba sikuwa najua inaishaje. Wimbo nilioupiga miaka miwili mfululizo, pengine mara elfu, sikuwahi kusikia mwisho wake. Nyimbo zangu zote zilikufa mikononi mwangu zikiwa na dakika mbili za uhai, nimeshapitisha nyingine chini yake. Namlalamikia mtu kwa kukata mwanzo, na mie miaka minane nimekuwa nikikata mwisho. Nikairudisha Groovejet nikaisikiliza mpaka tone la mwisho. Nikamrudisha Modjo. Mchana wote ule sikubeba mtu.

Abiria nao wana maoni yao. Vijana huniambia nitie kitu kipya. Lakini juzi nilibeba mama mmoja kutoka sokoni kwenda Kisumu Ndogo, beseni la samaki miguuni, buibui kalipandisha magotini lisiloe. Ikaingia Aserejé. Hiyo unaijua: dada watatu wa Córdoba, Uhispania, 2002, kiitikio chake ni rap ya Sugarhill Gang ya 1979 iliyotafunwa na mtu asiyejua Kiingereza hata neno, na ndio uchekeshaji wake wote. Kwenye kioo namwona mama mkono wake wa kulia unapita juu ya wa kushoto. Mara mbili. Kisha wa kushoto juu ya wa kulia. Kisha vidole gumba vyote viwili nyuma ya mabega, hii huku hii huku, sawasawa kabisa, kama animazione inavyofundisha.

"Mama, ulifanya hoteli gani?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka beseni likatikisika. Alikuwa dobi, akanitajia hoteli, si ile yetu, ya mbele kidogo. Kila usiku waliichungulia ile dansi kwenye tundu la ukuta wa dobi, wakaichezea mashuka. "Angalia barabara, mwanangu," akanambia, kwa sababu nilikuwa nimegeuka.

Nilirudi kibandani Alhamisi. Sikurudisha flashi. Nilichukua karatasi yenye nyimbo kumi na moja, kwa mwandiko wa herufi kubwa, na mbele ya kila moja nimeandika TOLEO REFU. Kijana akaanza kuzitafuta, moja moja, mdomo wazi.

"Ami, hii dakika saba na nusu."

"Ndiyo."

"Na dakika ya kwanza hamna kitu. Ni dufu dufu tu."

"Hiyo hiyo ndiyo nataka."

Akanitazama kama mteja anayeomba mchuzi bila samaki. Akasema ndefu ni shilingi 10 kila moja, maana zinakula nafasi. Nikampa 110 na nikamwomba amtoe yule wa kinanda, amtie Darude wa kweli. Zile fupi nikamwambia aziache zilipo. Flashi itakuwa tayari Jumamosi baada ya alasiri, umeme ukiwepo.