Maktaba ya chuo chetu Mombasa baada ya kuboreshwa: niliyoyaona muhula huu

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili huku Likoni, na jioni na Jumamosi nasomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja kisiwani. Utafiti wangu ni wa mashairi ya Kimvita ya karne ya 19, hasa ya Muyaka bin Haji. Nayataja haya mwanzo ili msomaji ajue maktaba naitumia kwa shughuli gani. Mwanafunzi wa uhandisi anayelala bweni huenda akaona mengine.

Kabla ya mabadiliko, kupata makala moja ilikuwa safari. Kipindi cha mwisho kikiisha nashuka feri, nangoja na umati, navuka, napanda matatu, nafika chuoni jua linatua. Kompyuta za kutafutia vitabu zilikuwa mbili, na moja haikuwaka. Mara nyingi kitabu nilichokifuata kilikuwa kimeazimwa na hakuna aliyejua kitarudi lini. Nimewahi kurudi nyumbani saa tatu usiku mikono mitupu, watoto wamelala.

Sasa naweza kusoma majarida nikiwa nyumbani, na hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Zamani milango ya majarida ilitambua kompyuta zilizo ndani ya eneo la chuo tu. Ukishatoka getini, umefungiwa nje. Siku hizi mfumo unamtambua mwanafunzi mwenyewe. Unajisajili mara moja maktabani kwa barua pepe ya chuo, unaweka neno la siri, basi. JSTOR, hifadhi ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, nimeifungua jikoni kwangu nikingoja wali ukauke, nikapakua makala tatu kabla sijaepua chungu. Wenzangu wengi hawajajisajili na inaniuma, kwa sababu majarida haya hayaji bure. Maktaba za vyuo vya Kenya huchangishana kupitia muungano wao, KLISC, ili zilipie kwa pamoja. Asiyejisajili amelipia chakula asichokila.

Siku niliyokwenda kujisajili ndipo nilipokutana na mkutubi mmoja kijana, na yeye peke yake ni sababu tosha ya kuandika haya. Alipomaliza kuniandikisha hakuniacha niende.

"Mwalimu, utafiti wako ni wa nini hasa?"

Nikamwambia ni Muyaka. Nikamweleza kwamba mashairi yake yalikuwa vichwani mwa watu wa Mombasa hata baada ya yeye kufariki mwaka 1840, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kumpa mmishonari Taylor, na kwamba karatasi za Taylor ziliishia London, katika maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika. Nilikuwa nimeshakata tamaa ya kuona miswada ya zamani kwa macho yangu. Nauli ya London mwalimu wa Likoni aipate wapi?

Akavuta kiti. "Hebu kaa hapa, mwalimu." Akanifungulia ukurasa wa SOAS wenye miswada ya Kiswahili iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, wazi kwa yeyote, bila malipo. Herufi za Kiarabu, wino uliofifia pembeni, mkono wa mwandishi ukionekana pale alipokosea akakata. Marehemu bibi yangu alinifundisha kusoma Kiswahili kwa herufi hizo nikiwa mdogo, kabla sijajua a-e-i-o-u za shule. Nikasoma mstari wa kwanza kwa sauti, polepole, kisha wa pili. Yule kijana akaniomba nirudie. Tulikaa karibu saa nzima, naye akanionyesha namna ya kukuza picha, kuhifadhi kiungo na kuandika marejeleo ya mswada jinsi msimamizi wangu anavyotaka. Picha hizo zilikuwa mtandaoni siku zote, nami sikujua. Kilichokosekana ni mtu wa kunionyesha.

Katalogi nayo imehamia kwenye Koha, programu huria iliyoanzia New Zealand. Jina lenyewe ni neno la Kimaori, maana yake zawadi. Natafuta kitabu kwa simu kabla sijavuka feri, naona kiko rafuni au kimetoka, na kama kimetoka naona tarehe ya kurudi na kujiwekea zamu. Muda wa kuazima nauongeza mwenyewe. Faini inalipwa kwa M-Pesa. Mashine ya kujiazimia imewekwa karibu na mlango, meza zote zina soketi, na viyoyozi vinafanya kazi hata wakati wa joto la kaskazi.

Ninayo malalamiko mawili, na yote mawili ni mazito.

La kwanza ni tasnifu za zamani. Zile mpya zimewekwa mtandaoni, lakini za miaka ya nyuma ni karatasi tupu, ndani ya chumba kinachofungwa saa ya chakula cha mchana na Jumamosi nzima. Sisi tunaofanya kazi tuingie lini? Nilipoomba ruhusa kazini nikaingia, nilikuta jalada moja limeota kuvu. Hii ni Mombasa. Unyevu na hewa ya chumvi havingoji bajeti ya mwaka ujao. Humo mna mahojiano na wazee ambao wengi wao hawako tena duniani. Kama hela ni chache, afadhali tasnifu hizo zianze kupigwa picha kabla ya kununua mashine nyingine.

La pili ni lugha. Ukiandika "mashairi" kwenye katalogi, unaletewa vitabu vyenye neno hilo kwenye jina tu. Diwani ambayo jina lake halina neno "mashairi" haitokei, kwa sababu maneno ya mada yake kwenye katalogi yameandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne, aliyekulia kwenye Kimvita, akiingia maktaba hii iliyo katika mji wa Muyaka ataambiwa hakuna kitu, na vitabu viko hatua kumi kutoka alipokaa. Ningetoa nyota tano. Kwa haya mawili natoa nne.

Hili la lugha nililipeleka kwa yule mkutubi. Hakuutetea mfumo. Alinieleza kwamba kwenye rekodi ya kila kitabu kuna sehemu, namba 653, ambapo wakutubi wanaweza kuongeza maneno yao wenyewe bila kuvuruga yale ya Kiingereza. Akaniambia, "Niletee maneno, mwalimu. Mkuu wangu akikubali, nitayaingiza."

Jumamosi iliyopita nilimpelekea kurasa mbili za maneno: mashairi, tenzi, nyimbo, vijembe, mafumbo, malumbano, Kimvita, Kiamu, na mengine, kila moja na vitabu vinavyolihusu. Mkuu wake alikuwa ameshakubali. Tukaanza na diwani moja niliyoitafuta mwaka jana nikaikosa. Akaandika, akahifadhi, akanigeuzia kibodi. Nikaandika "malumbano", na kitabu kikatokea.