Uzoefu wangu na kanuni za nidhamu na mahudhurio katika shule ya Kikristo

Nawaandikia wazazi wanaotaka kumpeleka mtoto shule ya Kikristo na kujua kanuni zake zinafanyaje kazi mtoto akishaandikishwa. Jina la shule naliacha. Kwa jumla nimeridhika, na kilichoniridhisha kuliko vyote ni rejista ya mahudhurio. Shule yoyote inaweza kuhubiri vizuri kuhusu upendo, lakini shule inayojua kila mtoto yuko wapi saa hii inawapenda kwa vitendo.

Hapa majina huitwa mara mbili kwa siku: kabla ya kipindi cha kwanza na baada ya mapumziko ya mchana. Shule inayoita mara moja tu haina njia ya kumjua mtoto aliyeingia asubuhi akatoroka kabla ya mchana. Alama ni nne: yupo, amechelewa, hayupo kwa ruhusa, hayupo bila taarifa. Mwalimu wa darasa hupeleka orodha ofisini mara moja, na kabla kipindi cha kwanza hakijaisha ofisi huwa imempigia simu mzazi wa kila mtoto asiye na taarifa. Simu hiyo ndiyo roho ya utaratibu mzima, maana mtoto aliyetoka nyumbani asifike shuleni anaweza kuwa mtoro, lakini pia anaweza kuwa hatarini, na hilo halipaswi kugundulika jioni.

Upande wa mzazi nao una kazi. Taarifa itolewe kabla ya kengele ya kwanza, ikiwa na jina kamili la mtoto, darasa, sababu na siku anayotarajiwa kurudi. Ugonjwa ukipita siku tatu, hudaiwa cheti cha daktari. Safari ya familia huombewa ruhusa wiki moja kabla, na mtoto huchukua kazi zake za masomo mapema. Mambo huharibika pale mzazi anapomtuma mtoto wa jirani apeleke salamu kwa mwalimu. Ujumbe husahaulika njiani na siku huandikwa utoro. Au mzazi hubadilisha namba ya simu bila kuiambia ofisi, kisha analalamika kwamba hakupigiwa.

Kiwango kinachodaiwa ni asilimia 90, na wazazi wengi hukiona kuwa cha kulegea. Pigeni hesabu. Mwaka wa masomo wenye siku 190 unaruhusu kukosa siku 19 tu, yaani kama siku mbili kila mwezi. Mtoto anayebaki nyumbani Ijumaa moja katika kila wiki mbili amekwisha kuufikia mpaka huo bila mtu kushtuka. Kuchelewa nako ni vilevile: dakika 10 kila siku kwa siku 190 ni dakika 1,900, zaidi ya saa 31. Kwa shule yenye saa sita za masomo, hizo ni siku tano nzima, na zote zimeibwa kwenye kipindi cha kwanza, kwa hiyo somo moja ndilo linaloumia.

Kuna kanuni moja katika sehemu hii nisiyokubaliana nayo: kuchelewa mara tatu kunageuzwa kuwa siku moja ya utoro. Rejista ikianza kuandika kwamba mtoto hakuwepo ilhali alikuwepo, haisemi tena ukweli, na shule inayofundisha ukweli haipaswi kuwa na daftari la namna hiyo. Kuchelewa kuhesabiwe peke yake. Tena kwa watoto wadogo mchelewaji halisi ni mtu mzima anayewaleta. Kumzuia mtoto wa miaka saba asicheze kwa sababu hiyo hakumfundishi kitu. Aitwe mzazi.

Ibada ya asubuhi huhesabiwa kama kipindi, na mtoto wa imani nyingine naye hutakiwa kuhudhuria, ingawa halazimishwi kuomba kwa sauti wala kukariri. Mzazi alijue hilo kabla ya kutia sahihi. Jambo ninalolisifu hapa ni katazo lililoandikwa waziwazi: hakuna kunakilisha mistari ya Biblia kama adhabu. Mtoto aliyeandikishwa Zaburi mara hamsini kwa kosa la kupiga kelele hujifunza kuichukia Zaburi.

Makosa yamegawanywa katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kelele, sare isiyo kamili, kazi ya nyumbani isiyofanywa. Haya mwalimu huyamaliza mwenyewe darasani. Ya pili ni makosa yaleyale yakijirudia, matusi, na udanganyifu katika mtihani. Hujazwa fomu na mzazi hujulishwa ndani ya saa 24. Ya tatu ni kupigana, wizi, uonevu na dawa za kulevya, na hayo huenda kwa kamati ya nidhamu.

Kwa ugomvi wa wanafunzi wao kwa wao, shule hufuata hatua za Mathayo 18:15-17. Kwanza aliyekosewa anazungumza na mwenzake faraghani, wasipoelewana wanaitwa mashahidi wawili, na ikishindikana jambo linapelekwa mbele. Kwa maneno ya kuudhiana na vitu vilivyoazimwa visirudishwe, njia hii inafanya kazi vizuri sana. Lakini ni hatari kubwa kwa uonevu na kwa unyanyasaji wa aina yoyote. Hatua zile zinazungumzia ndugu na ndugu, watu wenye nguvu sawa. Kumwambia mtoto aliyepigwa na wakubwa, au aliyeguswa vibaya, aende kwanza peke yake kwa aliyemtendea ni kumrudisha mikononi mwake. Mwongozo wa shule hii unasema wazi kwamba mambo hayo hupelekwa siku hiyohiyo kwa mwalimu anayesimamia ulinzi wa watoto, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuyamaliza kwa maombi na kupeana mikono. Shule isiyo na sentensi hiyo kwenye kanuni zake, mimi nisingempeleka mtoto wangu.

Msamaha nao umewekwa mahali pake. Anayekiri kabla ya kugunduliwa hupunguziwa adhabu, ila hapunguziwi fidia: kilichovunjwa hulipwa, kilichoibwa hurudishwa. Zakayo katika Luka 19:8 hakuishia kusema nimetubu, aliahidi kurudisha mara nne. Udhaifu nilioona ni toba ya hadharani mbele ya gwaride. Watoto hukariri upesi maneno yanayotakiwa, na aliyekosewa hubanwa asamehe huku shule nzima ikimtazama. Barua fupi inayosema nimefanya nini, nani ameumia na nitarekebishaje ina uzito zaidi, tena itolewe pale tu aliyeumizwa anapokubali kuipokea.

Viboko havitumiki. Wapo wanaotetea fimbo kwa Mithali 13:24, lakini Waefeso 6:4 huwakataza wazazi kuwachokoza watoto wao, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule ilinde utu wa mtoto. Ombeni jibu la swali hili kwa maandishi, kwa kuwa jibu la mdomo hubadilika kila mwalimu mkuu anapobadilika.

Mtoro hapewi adhabu ya kusimamishwa masomo, na hili ni busara, kwa kuwa asiyetaka kuja shule atakuwa amepewa alichokitafuta. Hapa huja kama kawaida, hukaa chumba cha pembeni na kazi zake zote chini ya uangalizi, kisha mwalimu wa darasa huketi naye na mzazi kutafuta sababu: nauli, kuonewa njiani, somo asilolielewa, au kazi za nyumbani zinazomzidi.

Palipobaki na kasoro kubwa ni rufaa. Mzazi ana siku tano za kupinga uamuzi wa kamati, lakini anayesikiliza rufaa ni mwalimu mkuu yuleyule aliyeongoza kikao cha kwanza. Nimependekeza kwa maandishi rufaa isikilizwe na mjumbe wa bodi asiyehusika na kesi, na kumbukumbu za makosa ya ngazi ya kwanza zifutwe kila mwisho wa mwaka. La pili limekubaliwa. La kwanza bado liko mezani kwa bodi.