TAHADHARI: Muuzaji wa "ramani orijino" za vitabu vya Tolkien

Wapenzi wa riwaya za fantasia, hasa nyie mnaofungua ramani kabla ya sura ya kwanza, shikeni pochi zenu. Kuna muuzaji anazunguka Instagram na kwenye magrupu ya vitabu ya WhatsApp hapa Dar, anauza anachokiita "ramani orijino zilizotoka ndani ya toleo la kwanza" la vitabu vya J.R.R. Tolkien, yule Mwingereza aliyeandika The Hobbit na The Lord of the Rings. Dada mmoja wa kundi letu la usomaji ametuma laki tatu na nusu, akaletewa karatasi ya printa iliyochovywa kwenye chai. Sitanii. Ukiinusa, majani ya chai yanasikika kabisa.

Jina la akaunti silitaji kwa sababu halitawasaidia: ameshalibadilisha tangu tuanze kumuuliza maswali, na waliomhoji hadharani wote kawabloku. Mtamjua kwa bidhaa zake.

Kubwa ni "ramani ya 1954". Ni kweli The Fellowship of the Ring, kitabu cha kwanza cha The Lord of the Rings, kilitoka Uingereza Julai 1954 kikiwa na ramani kubwa ya nchi ya kubuni ya hadithi hiyo, iliyokunjwa mwishoni mwa kitabu. Aliichora Christopher, mtoto wa Tolkien, na ilichapwa kwa rangi mbili tu, nyeusi na nyekundu. Huyu bwana anaanza kwa kukutumia picha ya ramani yenye rangi kibao, na wahusika wamechorwa kwa safu juu na chini. Hilo ni bango la Pauline Baynes la mwaka 1970. Ni zuri mno, ningekuwa na ukuta mkubwa ningelitundika, lakini na 1954 wapi na wapi?

Ukimbana anakuletea nyingine, nyeusi na nyekundu. Hapo ndipo alipomnasa yule dada. Nimeikagua juu ya meza yake. Karatasi iliyokaa imekunjwa miaka 70 huchakaa palepale kwenye mkunjo na wino hubanduka. Ya kwake ina alama za mikunjo, ila ukipitisha kidole ni laini tupu: mikunjo yenyewe imechapwa! Ni picha ya ramani ya mtu mwingine. Kisha nikashuka na pwani hadi mto Greyflood unapoingia baharini, nikakuta pameandikwa Lond Daer. Jina hilo halikuwemo 1954. Christopher aliichora upya ramani hiyo kwa ajili ya Unfinished Tales, kitabu kilichotoka 1980, na ndipo akaongeza majina kadhaa, Lond Daer likiwa mojawapo. Kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi, mwombe picha ya karibu ya kipande hicho cha pwani. Sisi tulimwomba, akasema simu yake imeharibika kamera. Picha za bidhaa nyingine siku hiyohiyo alikuwa anapandisha.

Bidhaa ya pili ni ramani ya Thror, mfalme wa mbilikimo, kutoka The Hobbit, "ya 1937, ina herufi za mwezi zinazoonekana ukiishika kwenye mwanga." Herufi hizo kwenye hadithi ni maandishi ya siri yanayoonekana kwa mwanga wa mwezi tu. Hapa kajichongea mwenyewe. Tolkien alitamani iwe hivyo, herufi zichapwe upande wa nyuma zionekane kwa kupenya mwanga, lakini wachapishaji hawakufanya. Ramani iliwekwa mwanzoni, kwenye karatasi inayogandishwa ndani ya jalada, na herufi zikachapwa mbele waziwazi. Kwa hiyo akikuletea ya 1937 yenye herufi zilizofichwa, ametengeneza kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Na ikiwa karatasi imenyooka safi, bila dalili ya gundi, imetokaje kwenye jalada?

Anajua anayemwinda. Sisi tunaosoma huku kidole kimebanwa kwenye ukurasa wa ramani, tukitaka kujua leo wamelala upande gani wa mlima, tukiona karatasi ya namna hiyo hesabu za bei zinatutoka kichwani. Ndiyo maana anaharakisha: "kuna mteja wa Arusha ameshalipia nusu, nikupe wewe?" Mteja wa Arusha huyo ameshatajwa kwa watu watatu ninaowajua.

Ana na vitabu vya kawaida pia, vya elfu kumi na tano. Hivyo ni fotokopi, na ramani imekatwa katikati kwenye mshono, nusu ya nchi imemezwa na gundi. Kama unasoma hadithi tu, shauri yako.

Msikubali kulipa kabla ya kuona mzigo. Aje nao, mkutane dukani au ofisini kwa mtu, penye watu. Ukishatuma na ukashtuka mapema, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako saa hiyohiyo wajaribu kuzuia muamala, na namba ya huyo muuzaji itume kwa SMS kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Waliopokea vifurushi kwa basi, msitupe ile risiti ya mzigo, ina namba ya simu ya aliyetuma na ofisi aliyotumia. Yule dada anaipeleka polisi wiki hii na anatafuta wenzake wa kuongozana nao. Aliye tayari aniandikie inbox.