Sari ya Hariri ya Kufumwa kwa Mkono: Ipi Ununue Kwanza

Dukani sari zote hung'aa, kwa hiyo usianze na mng'ao. Igeuze nguo, utazame upande wa nyuma na kingo zake. Iliyofumwa kwa mkono mara nyingi huwa na vitundu vidogo kingoni, alama za pini zinazoitanua nguo ikiwa bado kwenye mtambo wa kufumia. Omba uzi mmoja uuchome: hariri hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni, ilhali poliesta huyeyuka ikawa donge gumu. Kwa sari za India, tafuta lebo mbili. Silk Mark inathibitisha kuwa ni hariri, Handloom Mark kuwa imefumwa kwa mkono. Usikubali moja ijibu swali la nyingine.

Kwangu ya kwanza ni Kanchipuram, kutoka Tamil Nadu, kusini mwa India. Katika zile bora, mwili wa sari na pindo zake hufumwa kila kimoja na mshindio wake (uzi unaopita kwa upana wa nguo), wa rangi tofauti, kisha huunganishwa uzi kwa uzi nguo ikiwa bado inafumwa. Kazi hiyo huitwa korvai, na mara nyingi huhitaji watu wawili kwenye mtambo mmoja. Tazama maungio: ukiona meno madogo kama ya msumeno, umeipata. Ni nzito, naam, lakini uzito huo ndio unaofanya marinda yatulie kutwa nzima ya harusi.

Ya pili ni Banarasi ya mji wa Varanasi, laini zaidi, yenye maua ya zari, yaani nyuzi za rangi ya dhahabu au fedha. Dai ile iitwayo kadhua, ambayo kila ua limefumwa peke yake. Katika zile za bei nafuu uzi hupita nyuma kutoka ua hadi ua, halafu hukatwa kwa mkasi. Ncha zake utazihisi kwa kidole.

Ya tatu ni Chanderi, hariri iliyochanganywa na pamba, nyepesi na angavu. Kwa shughuli ya mchana Mombasa au Dar es Salaam, ningeitanguliza mbele ya zote. Tasar, hariri ya nondo wa mwituni yenye rangi ya asali, inafaa kazini.

Patola, sari ya mji wa Patan, siipangi. Nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio zote hutiwa rangi kabla ya kufumwa, na sari moja huchukua miezi. Ukiuziwa "patola" kwa bei ndogo, huenda ni ya mji wa Rajkot, ambayo kwa kawaida hutiwa rangi mshindio tu. Ni nzuri, ila ilipwe bei yake.

Kuivaa, vaa viatu kwanza ndipo upime urefu. Gagulo liwe la pamba, lifungwe kiunoni kwa nguvu. Chomeka sari upande wa kulia, zungusha mara moja, kunja marinda matano hadi saba yakitazama kushoto, uyachomeke mbele, kisha ncha iliyobaki ipande bega la kushoto.

Manukato jipulizie kabla ya kuivaa, kwa kuwa huifanya zari iwe nyeusi. Ipeleke kwa draiklina, usiiloweke. Ihifadhi ndani ya bafta safi, kamwe si mfuko wa plastiki, na weka kando kifuko cha karafuu au majani makavu ya mwarobaini. Kila miezi mitatu ifungue, ipunge hewa kivulini, uikunje kwa mistari mingine, maana nyuzi za zari hukatika pale zinapokunjwa siku zote.