Kipimo cha mate alichoniletea mwanangu, na presha yangu

Kiboksi kilikuja ndani ya begi la mwanangu anayeishi Uingereza, kimebanwa baina ya mashati ya baba yake na peremende za wajukuu. Kilikuwa kipimo cha kusoma vinasaba, yaani urithi wa mwili. Ndani mlikuwa na kichupa cha kutemea mate, mfuko wa plastiki na karatasi ya maelezo. Alikinunua kwa paundi 129, ambazo kwa fedha zetu zinapindukia shilingi laki nne.

"Mama, hiki kitakwambia mwili wako unataka mazoezi gani," aliniambia.

Nina miaka 64, ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, na presha ninayo tangu nilipokuwa na 53, mwaka mmoja baada ya hedhi kukatika. Marehemu mama alikuwa nayo, ikampooza upande mmoja wa mwili. Mtoto alikileta kwa mapenzi, nami nilikipokea kwa mikono miwili. Naandika kwa sababu wenzangu watatu wa Michenzani, hapa Unguja, wameshaniuliza kama na wao waagize.

Wakati huo nilikuwa na wiki kumi na mbili katika darasa la mazoezi ya viungo la wanawake watu wazima, viwanja vya Maisara. Tunaanza baada ya swala ya alfajiri, siku tatu kwa wiki, shilingi elfu kumi kwa mwezi. Natoka nyumbani ghorofa ya nne, nashuka ngazi, nakata Mnazi Mmoja mpaka Maisara kwa miguu, na hapo mwili umeshapata moto. Mwalimu wetu ni msichana ambaye ningeweza kumzaa. Anatupanga tutembee haraka kuzunguka uwanja, kisha tunakaa na kusimama kwenye viti vya plastiki, tunavuta mikanda ya mpira, tunanyanyua chupa za maji zilizojazwa mchanga. Hakuna siku aliyomwacha mtu aanze bila kumuuliza kalala vipi na kama amemeza dawa. Neno lake kubwa ni "pumua, bibi yangu, pumua", kwa sababu ukinyanyua kitu huku umeizuia pumzi, presha hupanda juu ghafla. Miaka yote niliyobeba ndoo nilikuwa nikiizuia, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Nilianza darasa pamoja na mdogo wangu, tumechangia baba na mama. Yeye alianza na presha ya 160 kwa 96. Mimi nilianza na 158 kwa 94. Dawa hatukubadilisha, sote tunameza zilezile tulizoandikiwa. Baada ya wiki kumi na mbili yeye alifika 139 kwa 86, na mimi nilifika 149 kwa 89. Darasa moja, uwanja mmoja, mwalimu mmoja, na mara nyingi sufuria moja, maana tunapika pamoja. Nilifurahi kwa ajili yake, lakini moyoni nilikuwa na swali, na swali hilo ndilo lililonifanya niteme mate kwenye kichupa.

Kutema hakuna tabu, ila unatakiwa ukae nusu saa bila kula wala kunywa, na mate ya mtu mzima hayaji kwa wingi. Nilichukua karibu dakika kumi na tano kufika kwenye mstari. Mwanangu akaondoka nacho, na majibu yakaja kwenye simu yangu baada ya wiki sita, kurasa 31 za Kiingereza. Kingereza changu cha darasani hakikufika huko. Kwa bei hiyo, na kwa jambo la mwili wa mtu, nilitegemea wangalau kurasa mbili za maneno mepesi.

Ukurasa wa tisa ulikuwa na alama nyekundu. Iliandikwa kwamba nina aina iitwayo DD ya jeni ya ACE (jeni ni kinasaba kimoja), na kwamba watu wa aina yangu "huitikia kidogo" mazoezi ya kutembea na kukimbia katika upande wa presha. Ukurasa uliofuata ulinishauri ninyanyue vitu vizito, kwa sababu jeni nyingine, ACTN3, inaonesha misuli yangu ni ya nguvu za ghafla.

Nilisoma hayo Jumapili usiku. Jumatatu sikwenda Maisara, na Jumatano sikwenda. Nilikaa nyumbani wiki tatu. Nilijiambia, ikiwa nimeumbwa hivyo, alfajiri yote ile naamka kutafuta nini? Mdogo wangu alinipigia mlango kila asubuhi: "Dada, twende," na mimi namjibu kichwa kinaniuma. Wiki ya tatu mashine ya presha ikanionesha 157 kwa 93.

Hili ndilo lalamiko langu kubwa kwa kampuni ile, na sitalipunguza. Kipimo kilimtoa mgonjwa wa presha kwenye mazoezi. Kwenye kurasa 31 hawakuniuliza umri wangu, hawakuniuliza kama nina presha, wala dawa ninazomeza, wala kama hedhi imekatika. Wakamwambia bibi wa miaka 64 anyanyue vizito, bila neno moja juu ya pumzi.

Aliyenirudisha ni mtoto wa mdogo wangu, ambaye ni tabibu. Alikuja Ijumaa baada ya swala, akasoma kurasa zote huku chai yake inapoa.

"Mama mkubwa," akasema, "walichokisoma kwenye mate yako huenda ni kweli. Walichokuambia ufanye hakitokani nacho."

Akanieleza taratibu. Jeni ya ACE hutengeneza kimeng'enya, protini ya kuendesha kazi za mwili, ambacho kazi yake ni kuleta kemikali iitwayo angiotensini ya pili, na hiyo ndiyo inayokaza mishipa ya damu na kuufanya mwili ushikilie chumvi. Ndani ya jeni hiyo, baadhi ya watu wana kipande cha ziada cha herufi 287 za vinasaba na wengine hawana. Jambo hilo linajulikana tangu 1990. Ukirithi isiyo na kipande kwa baba na kwa mama pia, wewe ni DD, na kwa kawaida kimeng'enya hicho huwa kingi zaidi katika damu yako. Mpaka hapo kampuni haikusema uongo. Lakini watafiti waliotaka kujua kama DD wanapata faida ndogo ya mazoezi wamepata majibu yanayopingana, wengine hivi, wengine vile, na mara nyingi kwa vikundi vidogo vya watu.

Kisha akanionesha jambo ambalo bado nalifikiria. Mwanzo niliandikiwa enalapril, ikanipa kikohozi kikavu usiku kucha, nikabadilishiwa losartan. Enalapril inakizuia kimeng'enya hichohicho cha ACE. Losartan inaizuia angiotensini ya pili isishike kwenye mishipa. Maana yake, njia ambayo kampuni imeitia alama nyekundu ndiyo ninayoifunga kila asubuhi kwa kidonge kimoja. Walipaswa kuuliza dawa kabla ya kutia rangi.

Na ile ACTN3? Aliniambia kwamba kwa watu wa asili ya Afrika, wanaokosa kabisa protini ya jeni ile, inayohusishwa na nguvu za ghafla, ni kama mmoja katika mia, na Ulaya ni kama 18 katika mia. Basi nusu ya "siri" ya mwili wangu angeweza kuibahatisha mtu yeyote aliyeniona nikipita Darajani. (Sisi wa visiwani damu zimechanganyika, najua, bibi yangu mzaa baba alikuwa Mngazija. Lakini hesabu haigeuki sana.)

Nilimuuliza: kwa hivyo urithi hauna kazi? Akakataa. Una kazi, tena kubwa. Miaka ya 1990 watafiti wa Marekani na Canada, katika utafiti uitwao HERITAGE, walizichukua familia zisizofanya mazoezi, wakazifanyisha baiskeli kwa wiki 20. Uwezo wa mwili wa kutumia hewa uliongezeka kwa wastani, lakini wengine waliongeza sana na wengine karibu hawakuongeza kitu, na tofauti baina ya familia na familia ilikuwa mara 2.5 ya ile iliyoonekana ndani ya familia moja. Karibu nusu ya tofauti hizo waliihesabu kuwa ni ya kurithi. Ila nusu si jeni moja. Kwenye presha peke yake, kufikia 2018 walikuwa wameshapata zaidi ya sehemu 900 katika vinasaba zinazohusika, kila moja ikisukuma kidogo sana, na wengi waliochunguzwa ni watu wa asili ya Ulaya. Kampuni ilinisomea sehemu chache, ikanihukumu kwa moja. Na mimi na mdogo wangu, ijapokuwa tumenyonya ziwa moja, tunagawana kwa wastani nusu tu ya vinasaba vile vinavyotofautiana baina ya mtu na mtu.

Nilirudi Maisara Jumatatu iliyofuata. Mwalimu hakunihoji. Alinivutia kiti.

Sasa niseme juu ya mashine ya presha, kwa sababu hiyo ndiyo ninayoisifu. Tuliinunua duka la dawa kwa shilingi 85,000, ya kufunga mkono wa juu. Duka lilikuwa na ya kifundo cha mkono kwa bei nafuu, yule tabibu wetu akatukataza. Mkanda uliokuja nayo ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mkono wa mdogo wangu una sentimita 36. Siku ya kwanza ulimpa 174, akalia. Tulipopata mkanda mkubwa, wa sentimita 22 hadi 42, kwa shilingi 25,000 zaidi, ukampa 160 siku hiyohiyo. Mkanda mdogo huongopa kwa kupandisha. Laiti tungeandika ile 174 kama mwanzo wake, leo tungesema mazoezi yamemshusha 35, na isingekuwa kweli. Nawasihi wanawake wenye mikono minene: pimeni mkono kwa utepe wa fundi cherehani kabla ya kulipa.

Tunapima asubuhi kabla ya mazoezi, kwa sababu ukishafanya mazoezi presha hushuka kwa saa kadhaa na namba nzuri ya saa mbili si yako ya kila siku. Kwanza chooni. Kisha kukaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na kimya. Kunyamaza ndiko kugumu zaidi nyumbani kwetu. Mara mbili, tunaandika zote. Daftari langu lina kurasa nyingi kuliko ripoti yao, na kila namba iliyomo ni yangu.

Leo, miezi minne baada ya kurudi, wastani wa wiki yangu ni 144 kwa 87. Sijafika alipo mdogo wangu. Tabibu wetu anasema kwa wenye presha mazoezi ya aina hii hushusha namba ya juu kwa 5 hadi 8 kwa kawaida, kwa hivyo zangu si chache. Ni zake zilizo nyingi. Pia nimepunguza ng'onda na achari, basi sitadai kwamba yote ni ya Maisara. Lakini nanyanyuka kwenye msala bila kushika ukuta. Ngazi za ghorofa nne napanda na kikapu cha sokoni bila kupumzika ya pili. Haya hayakuwamo kwenye ukurasa wowote wa kampuni, wala hayasubiri alama nyekundu wala kijani.

Darasa nalo lina kasoro. Mvua za masika zikianza hatuna pa kujificha, na mwezi wa Ramadhani tulihamia baada ya tarawehe, wengi wakachoka wakaacha. Mikeka haitoshi. Ningependa pia mwalimu awe na mashine yake pale uwanjani, maana wapo wanaokuja na hawajapimwa tangu mwaka jana.

Kwa wale watatu walionijia kuuliza: laki nne na zaidi ni mashine, mkanda mkubwa, na karibu miaka miwili na nusu ya darasa. Kipimo cha mate msikiagize kwa ajili ya presha. Mwenye mashaka kwamba dawa au mazoezi hayamfai, achukue daftari lake la namba aende nalo hospitali, na asiache kidonge wala kiti cha plastiki kwa sababu ya rangi ya ukurasa.

Limebaki jambo moja la kampuni. Mate yale yana nusu ya vinasaba vya mwanangu na nusu ya vya dada zake, ambao hawakuulizwa, nami sikulifikiria nilipokuwa nikitema. Nimemwambia mwanangu awaandikie waitupe sampuli yangu na wafute kilichosomwa. Ameandika mara mbili. Leo ni siku ya 19 na hawajajibu.