Chungu cha kujimwagilia kwa mimea ya ofisini: tunakipendekeza, kwa masharti

Mmea wa ofisini hauna mwenyewe. Wiki hii unamwagiliwa na watu watatu, wiki ijayo hakuna anayeukumbuka, na kabla mwezi haujaisha mizizi imeshaoza. Chungu cha kujimwagilia kimebuniwa kwa ajili ya tatizo hili hasa, na kikipandwa vizuri hulitatua.

Muundo tunaouzungumzia ni ule wa kawaida: chungu cha plastiki chenye upana wa sentimita 25 hivi mdomoni, na chini yake tangi la lita moja na nusu hadi mbili. Udongo hutenganishwa na maji kwa sahani yenye matundu, na katikati ya sahani kuna kikombe kinachoshuka hadi ndani ya maji. Kikombe hicho hujazwa udongo, nacho hufanya kazi ileile ya utambi wa kandili: udongo wa juu ukikauka, maji hupanda yenyewe. Pembeni kuna mrija wa kujazia, boya lenye alama mbili za kiwango, na tundu la kutolea maji yaliyozidi. Aina nyingine hutumia utambi wa kamba badala ya kikombe. Hizo nazo ni nzuri, mradi kamba iwe ya poliesta au nailoni, kwa sababu ya pamba huoza.

Wengi huharibikiwa siku ya kupanda. Udongo wa bustani haufai hata kidogo. Ule wa mfinyanzi hushikamana, hewa ikakosa pa kupita na mizizi ikaoza. Ule wa changarawe hauwezi kupandisha maji. Changanya kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mawe ya volkano) sehemu moja. Kokopiti kavu huchelewa kunywa maji, kwa hiyo iloweshe kwanza mpaka ukiifinya mkononi itoe matone machache. Jaza kikombe cha katikati na ushindilie kwa vidole pasiwe na uwazi, maana pengo moja tu pale linatosha kukata njia ya maji. Sehemu iliyobaki ijazwe bila kushindiliwa.

Tangi lisitegemewe mara moja. Kwa wiki tatu au nne za mwanzo mwagilia kwa juu, mpaka mizizi ishuke. Anayejaza tangi siku ya kwanza na kuondoka atakuta mmea umenyauka juu ya maji tele, kisha atakilaumu chungu. Baada ya hapo, boya likishuka hadi alama ya chini, subiri siku mbili au tatu ndipo ujaze tena. Kipindi hicho kifupi cha ukavu huiruhusu hewa kuingia mizizini, na ndicho watu wanachokiruka zaidi, kwa kuwa boya lililo chini huwatia wasiwasi.

Kasoro kubwa ya chungu hiki ni kwamba hakiiafiki mimea miwili inayopendwa sana maofisini: Zamioculcas zamiifolia, ambayo huhifadhi maji kwenye viazi vyake vya chini ya udongo, na Dracaena trifasciata, ile yenye majani marefu yaliyosimama kama panga. Yote miwili hutaka udongo ukauke kabisa kati ya maji na maji. Iache kwenye chungu cha kawaida chenye tundu chini. Inayonufaika ni mimea inayokunywa maji mengi: Spathiphyllum (peace lily), Epipremnum aureum (pothos) inayotambaa, Chlorophytum (spider plant) na mikangaga (ferns) ya ndani, hasa chumba kikiwa na kiyoyozi kinachokausha hewa mchana kutwa.

Vijinzi vidogo vyeusi vikianza kuruka juu ya meza, jua udongo wa juu haukauki. Liache tangi likauke kwa wiki nzima, kisha tandaza mchanga wenye unene wa sentimita mbili juu ya udongo. Ukoko mweupe nao ni chumvi za maji na mbolea: kwa kuwa maji hupanda bila kushuka, chumvi hubaki juu. Kila baada ya miezi mitatu au minne toa kizibo cha tundu la chini, mimina maji kwa juu mpaka yatoke kwa wingi, mwaga yote. Mbolea iwe nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Maboksi mengi hujisifu kwamba mmea mmoja mezani husafisha hewa. Dai hilo hutegemea jaribio la NASA, shirika la anga la Marekani, la mwaka 1989, lililofanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa, na ofisi haiko hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel cha Marekani ulikadiria kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi ambayo mzunguko wa hewa wa jengo tayari unaifanya. Fungua dirisha. Faida ya kweli iko kwa mfanyakazi mwenyewe: utafiti wa mwaka 2014 katika ofisi za Uingereza na Uholanzi uliwakuta walioletewa mimea wakiridhika zaidi na mahali pao pa kazi na kuripoti umakini bora. Ili faida hiyo ipatikane mmea lazima uonekane kutoka kwenye kiti, na uwe hai, kwa hiyo usiufiche nyuma ya printa. Kwenye kona yenye giza hata chungu hiki hakitauokoa: mmea usiopata mwanga hunywa kidogo, na udongo hubaki umelowa.

Kabla ya kununua, angalia mambo matatu. Tangi lisiwe la plastiki angavu, maana mwanga huotesha mwani ndani yake. Tundu la maji ya ziada liwepo. Kisha jaza maji chungu kikiwa kitupu na uone kama boya linapanda bila kukwama. Likikwama dukani, likishazungukwa na mizizi halitatikisika tena.