Mjusi wa Tendaguru mjini Berlin: tathmini ya kazi ya mafundi

Mgeni anayeingia ukumbi wa dinosaria katika makumbusho ya Museum für Naturkunde mjini Berlin hukutana kwanza na miguu, kwa kuwa kichwa cha mnyama kiko mita 13.27 juu ya sakafu. Kiunzi hiki cha Giraffatitan brancai, ambacho Watanzania tumezoea kukiita mjusi wa Tendaguru, kimesifiwa sana kwa ukubwa wake. Mimi nimekitazama kwa jicho jingine, yaani kama kazi ya ufundi: jinsi mifupa iliyotoka ardhini ikiwa imepasukapasuka ilivyoungwa mpaka ikasimama.

Kazi hiyo haikuanzia Berlin. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wataalamu wa Kijerumani, wakiongozwa mwanzoni na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba katika kilima cha Tendaguru, Lindi, wakiwa na mamia ya wafanyakazi wenyeji waliosimamiwa na Boheti bin Amrani. Mifupa yenye umri wa takriban miaka milioni 150 ilikuwa imejaa nyufa, na plasta ya kuifunga haikutosha. Kwa hiyo ilikandikwa udongo mwekundu, ikazungushiwa mianzi, kisha wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Kipande kilichotengana na mwenzake katika safari hiyo kingekuwa mtihani mkubwa kwa fundi wa mezani anayeunga mifupa, na ndiyo maana nawahesabu waliofunga mizigo ile kuwa mafundi wa kwanza wa kiunzi hiki, ingawa sifa nyingi zimewaendea waliokisimamisha mwaka 1937.

Sehemu inayolipa zaidi kiingilio ni miguu ya mbele. Mfupa wake wa juu pekee una urefu wa zaidi ya mita mbili, na ukisogea kadiri unavyoruhusiwa utaona nyufa zikipita huku na huko juu ya uso wake, kila ufa ukiwa alama ya mahali mfupa ulipopasuka. Hapo ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko penginepo.

Ni vyema msomaji ajue kwamba si kila kitu anachokiona ni mfupa halisi, wala mifupa yote haikutoka kwa mnyama mmoja. Sehemu kubwa ni ya mnyama mmoja, lakini mkia ni wa mwingine, na kichwa kilicho juu pamoja na pingili za shingo na za mgongo ni mifano iliyochongwa. Wapo wanaouona huo kuwa udanganyifu. Mimi sioni hivyo. Pingili za dinosaria wa aina hii zina kuta nyembamba na mashimo ya hewa ndani, na kuzining'iniza juu kiasi kile kungekuwa kuzihukumu kuvunjika upya. Hata hivyo, mgeni asiyeambiwa mapema hawezi kuitofautisha mifano na mifupa kwa kutazama tu akiwa chini.

Ukarabati wa 2005 hadi 2007 unastahili alama za juu. Kiunzi kilibomolewa, mifupa ikasafishwa na kuimarishwa, kisha kikasimamishwa upya kwa mkao unaolingana na elimu ya sasa: miguu ya mbele, ambayo tangu 1937 ilikuwa imepinda viwiko nje kama ya mjusi wa kawaida, sasa imenyooka, na mkia uliokuwa ukiburuzwa sakafuni umeinuliwa. Uamuzi huo ni wa busara, na unaonyesha kwa nini ukarabati mzuri wa kisukuku, yaani mfupa wa kale uliogeuka jiwe, ni ule unaoweza kutenguliwa. Mkao wa leo nao huenda ukasahihishwa kesho, na plasta au gundi isiyobanduka ingemfunga mikono fundi atakayekuja.

Baadhi ya mizigo ya mianzi kutoka Tendaguru haijafunguliwa hadi leo, na watafiti wameanza kuichungulia kwa mashine za eksirei kabla ya kuigusa.

Makumbusho hufungwa Jumatatu na yako Invalidenstraße, hatua chache kutoka stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, kabla ya misafara ya wanafunzi, na ubebe darubini ndogo, kwani bila hiyo shingo utaiona kama mstari tu.